Kifurushi hiki kimeitwa na nani?

Programu ya kuandika kilo za dagaa na migebuka wanaoshushwa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, haihitaji pandas, kifurushi kikubwa cha Python cha kuchakata majedwali ya data. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa lililozoeleka kuliko yote kwenye programu huria ndogo ndogo za Python. Mtu anataka kusoma faili la CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi tu) lenye safu tano na kujumlisha safu moja. Kwa kazi hiyo anaweka pandas, nayo pandas inakuja na numpy na python-dateutil, matoleo ya 2 yanakuja na tzdata na pytz pia, na python-dateutil inamleta six. Mafaili ya kushusha ya pandas na numpy peke yake yanazidi MB 20, na yakishafunguliwa kwenye diski yanapita MB 100.

Aliyeandika programu hahisi uzito huo, kwa sababu vifurushi vyote alishavishusha siku nyingi. Anayeuhisi ni yule wa vijiji vya ziwani kama Kalya au Buhingu anayesakinisha kwa bando la simu, huku mtandao unakatika kila baada ya dakika kumi. Bando likiisha katikati ya numpy, pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, inaanza lile faili upya. Kwa hiyo ukiweka kifurushi kimoja cha ziada kwenye orodha, jua kuna watu wa chini huko watakaokilipia kwa pesa taslimu.

(Humu ndani kifurushi ni kifurushi cha programu, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yako inautumia. Cha intaneti nakiita bando, kama tunavyokiita wote.)

Swali la kukiuliza kila kifurushi ni moja: nani amekuita? Usikiulize kinafanya nini, maana kila kifurushi kina jambo zuri kinachofanya. Kinaweza kuwa kimeitwa na msimbo wako mwenyewe. Kinaweza kuwa kimeitwa na kifurushi kingine, na wewe hukihusu. Kinaweza kuwa kiliitwa zamani, aliyekiita akafutwa, jina likabaki kwenye orodha. Na kuna wa aina ya nne, wa hatari zaidi, anayeitwa kimyakimya wakati programu inaendeshwa, bila neno `import`, lile la kuitia kifurushi kwenye Python, kuonekana popote. Tutamfikia.

Tuseme programu yetu ya mizani ina orodha hii kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi:

```
dependencies = [
  "pandas",
  "openpyxl",
  "requests",
  "python-dateutil",
  "pytz",
  "pytest",
  "black",
]
```

Mbili za mwisho hazihitaji mjadala. pytest ni ya kujaribu msimbo na black ni ya kuunyoosha. Ni vyombo vya fundi, mwenye mizani hana kazi navyo. Zihamishie kwenye sehemu ya `[dependency-groups]` au `[project.optional-dependencies]` chini ya jina `dev`.

Kwa zilizobaki, tafuta kwanza nani anaita nini, kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili:

```
grep -rnE "^\s*(import|from) " src/
```

Ile `\s*` ya mwanzo usiiondoe, kwa sababu watu huweka `import` ndani ya fanksheni pia, na ukitafuta za mwanzo wa mstari tu zitakupita. Kumbuka vilevile kwamba jina la kusakinishia si lazima liwe jina la kuitia. python-dateutil huitwa `dateutil`, PyYAML huitwa `yaml`, Pillow huitwa `PIL`, beautifulsoup4 huitwa `bs4`. Ni rahisi kufuta PyYAML kwa sababu tu umetafuta neno pyyaml kwenye msimbo usilione.

Chombo cha kukusaidia ni deptry. Endesha `deptry .` kwenye mzizi wa mradi, itakupa alama: DEP001 ni kitu unachokiita bila kukiorodhesha, DEP002 umekiorodhesha lakini hukiiti, DEP003 unakiita ila kinakufikia kwa mgongo wa kifurushi kingine, DEP004 ni kifaa cha fundi kinachoitwa na msimbo wa kawaida. Watu hukimbilia DEP002 kwa sababu ndiyo inayofuta. Mimi naona DEP003 ndiyo ya kuanza nayo. Kama mahali fulani mtu aliandika `import six`, na six ilikuja kwa sababu ya dateutil tu, siku unayoitoa dateutil programu inaanguka sehemu isiyohusiana kabisa na tarehe. Ziba kwanza mashimo ya DEP003, ndipo uanze kupunguza.

Sasa yule wa aina ya nne. Kwenye orodha yetu deptry itasema openpyxl, ya mafaili ya Excel, haitumiki, na grep itakubaliana nayo. Ukiifuta, majaribio yanaweza kupita yote. Halafu mwisho wa mwezi katibu wa mwalo anabonyeza kitufe cha ripoti ya Excel, programu inakufa. Sababu ni kwamba mahali fulani kuna `df.to_excel("ripoti.xlsx")`, na pandas ndiyo inayoita openpyxl kwa ndani wakati huo huo inapoandika. Viunganishi vya hifadhidata navyo wana tabia hiyo: SQLAlchemy, kifurushi cha kuzungumza na hifadhidata, ikikuta anwani inayoanza na `postgresql+psycopg2://` inaita psycopg2, kiunganishi cha PostgreSQL, kutokana na yale maandishi tu. Kwa hiyo kabla hujafuta kilichopewa DEP002, soma mipangilio, soma anwani za hifadhidata, na endesha kwa mkono kazi zile zinazofanyika mara chache: ripoti ya mwezi, kuhamisha data, kurejesha nakala ya akiba.

Tuje kwenye pandas yenyewe. Kama inatumika kusoma CSV na kujumlisha, moduli ya `csv` iliyomo ndani ya Python inatosha:

```
import csv

jumla = 0.0
with open("mizani.csv", newline="", encoding="utf-8-sig") as f:
    for mstari in csv.DictReader(f):
        kilo = (mstari["kilo"] or "").strip()
        if kilo:
            jumla += float(kilo)
```

Mistari ni michache lakini kila kipande kina sababu yake, na hapa ndipo kazi ya kupunguza inapowaharibikia wengi. Ile `utf-8-sig` ni kwa ajili ya mafaili yaliyohifadhiwa na Excel kama UTF-8. Excel huweka alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, pandas huiondoa bila kukwambia, `csv` haiiondoi. Ukiandika `utf-8` tu, safu ya kwanza haitaitwa `tarehe` bali `\ufefftarehe`, na utapata KeyError kwa jina unaloliona kabisa kwenye skrini. Ile `or ""` ni kwa ajili ya mstari mfupi: DictReader hujaza None (yaani hakuna kitu) pale seli zinapopungua, na None haina `.strip()`. Na `float` ni lazima, kwa sababu kwa `csv` kila kitu ni maandishi. Ukisahau, "12.5" na "8" zikijumlishwa zinakuwa "12.58".

Halafu kuna tofauti ya maana, siyo ya mtindo tu. pandas ikijumlisha huiruka seli tupu bila kusema. Kwenye daftari la mwalo, seli tupu inaweza kumaanisha mzigo haukupimwa, na hiyo ni habari. Mahali pa `if kilo:` peke yake mimi ningeongeza `else` inayoandika namba ya mstari kwenye faili la hitilafu. Upande mwingine, `csv` inakupa faida: namba ya simu ya mwenye mtumbwi inayoanza na sifuri inabaki na sifuri yake. pandas isipoelekezwa huigeuza kuwa namba kamili na sifuri inapotea.

pytz, ya kanda za saa, nayo haina sababu tena. Tangu Python 3.9 kuna `zoneinfo` ndani ya Python yenyewe. Angalizo ni Windows, ambayo haina hifadhidata ya kanda za saa ambayo Python inaisoma, kwa hiyo orodhesha hivi:

```
"tzdata; sys_platform == 'win32'"
```

Ila jiulize kama unahitaji hata hiyo. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, mwaka mzima, hatusogezi saa. `timezone(timedelta(hours=3))` inamaliza kazi ya programu ya mwalo mmoja. Kama inaandika pia safari za ziwani, kumbuka ng'ambo zote za Ziwa Tanganyika wako nyuma yetu kwa saa moja: Bujumbura, Uvira, Kalemie, Mpulungu, wote wanatumia saa 2 mbele ya UTC. Boti iliyotoka Kalemie saa 12 asubuhi ya kwao imetoka saa 1 ya kwetu. Hapo ningetumia `zoneinfo` na majina kamili ya kanda, kwa sababu namba tupu 2 na 3 zikitapakaa kwenye msimbo, baada ya miezi sita hakuna atakayejua ipi ilikuwa ya nani.

Kuhusu dateutil, inayosoma tarehe, sababu ya kuitoa inazidi uzito. `dateutil.parser.parse("03/04/2024")` inasoma tarehe 4 Machi, kwa sababu kawaida yake ni mwezi kwanza. Mtu wa Kigoma akiandika hivyo anamaanisha tarehe 3 Aprili. Kibaya zaidi, `13/04/2024` inasomwa sawasawa kama 13 Aprili, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Matokeo yake tarehe za siku 1 hadi 12 zinapinduka na za 13 kuendelea zinabaki sahihi, bila onyo lolote, na ripoti ya mwezi inaonekana ya kawaida tu. Kuna `dayfirst=True`, lakini kama muundo wa tarehe unaujua, `datetime.strptime(t, "%d/%m/%Y")` ni bora: ikikuta kitu tofauti inalalamika. Kwa tarehe za mtindo wa 2024-04-03 tumia `datetime.fromisoformat`, ukijua kwamba kabla ya Python 3.11 ilikuwa haikubali herufi Z mwishoni.

requests, ya kutuma na kupokea data mtandaoni, ningeibakiza. Inaweza kubadilishwa na `urllib.request` iliyomo ndani ya Python, na kwa kutuma ripoti moja kwa siku watu hufanya hivyo. Lakini tabia zinatofautiana: urllib hutupa hitilafu seva ikijibu 404 au 500, requests hukaa kimya mpaka uite `raise_for_status()`. Vyeti vya usalama navyo, requests huvichukua kwenye certifi, urllib huvitafuta kwenye mfumo wa kompyuta, na kuna kompyuta ambazo havipo au vimezeeka. requests inaleta vinne nyuma yake, yaani urllib3, idna, certifi na charset-normalizer, na vyote vitano pamoja, kwa kushusha, havifiki MB 1. Bei hiyo inalipika. Ukiibakiza au ukiitoa, weka `timeout`, kwa sababu requests na urllib zote hazina kikomo cha kusubiri usipoziwekea, na kwa mtandao wetu programu itaganda.

Ukibadilisha, toa kimoja kimoja, na kila kimoja kiwe na rekodi yake kwenye git. Ukitoa vinne kwa mpigo na kitu kikavunjika, `git bisect`, inayotafuta badiliko lililovunja, haitakusaidia chochote.

Kuthibitisha ndiko kunakopuuzwa. `pip uninstall pandas` inaitoa pandas peke yake. Numpy, six na wenzake wanabaki palepale. Kwa hiyo majaribio kwenye kompyuta yako yatapita hata kama msimbo bado unaita numpy mahali fulani. Tengeneza mazingira mapya kila mara:

```
python3 -m venv /tmp/safi
/tmp/safi/bin/pip install .
/tmp/safi/bin/python -c "import mizani"
/tmp/safi/bin/pip list
```

Baada ya hapo sakinisha pytest humo na uendeshe majaribio. Soma ile `pip list` jina kwa jina. Ukikuta usilolijua, `pip show jina` ina mstari wa Required-by unaokwambia nani amelileta. Pia rekebisha `requires-python` kulingana na ulichotumia: ukiingiza zoneinfo huku bado unaahidi 3.8, umewavunjia watu.

Faida ya kupunguza vifurushi inaonekana kwenye flashi. Faili la numpy lina jina lenye `cp312-cp312-win_amd64`, maana yake ni la Python 3.12 kwenye Windows ya biti 64 na si pengine popote. Kompyuta isiyo na faili linaloifaa, pip hushusha msimbo ghafi na kujaribu kuujenga, na pasipo kompaila (chombo cha kujengea msimbo ghafi) inakwama. Faili lenye `py3-none-any` linaingia kokote. Kupeleka programu mahali pasipo na mtandao, fanya hivi:

```
pip wheel --no-deps -w flashi .
pip download --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.12 -d flashi requests
```

Ukifika: `pip install --no-index --find-links flashi mizani`. Peleka faili la .whl (lililokwisha kujengwa), usipeleke .tar.gz (msimbo ghafi), kwa sababu .tar.gz itataka setuptools wakati wa kujengwa na hapo hakuna pa kuishusha. Mtego mwingine ni kwamba masharti kama lile la `sys_platform` pip huyapima kwa kompyuta unayoshushia. Ukishushia kwenye Linux, tzdata ya Windows haitashuka yenyewe, itaje kwa jina.

Nimekaa sana kwenye Python. Kwa Node ya JavaScript, `npm explain jina` hujibu swali letu moja kwa moja, na `npm ci --omit=dev` huacha vifaa vya fundi. Huko ndiko Machi 2016 kifurushi cha left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno, kilipoondolewa na mwandishi wake na miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengwa. Leo `padStart` iko ndani ya JavaScript yenyewe tangu toleo la 2017, na bado vifurushi vya kazi hiyo hiyo vimo kwenye orodha za watu.

Kwa programu za C, `ldd`, amri ya Linux ya kuonyesha maktaba ambazo programu inazihitaji, inakudanganya kidogo, kwa sababu inaorodhesha ukoo mzima. `readelf -d ./programu | grep NEEDED` inaonyesha zile programu yako ilizoziomba yenyewe, na `ldd -u ./programu` inaonyesha zilizounganishwa moja kwa moja bila kutumika. Dawa ya kawaida ni kumpa kompaila `-Wl,--as-needed`, nayo iwekwe kabla ya majina ya maktaba kwenye mstari wa amri. Ikija baada yao haiwagusi.

Na kama kuna mtu anadhani hili ni suala la MB tu, aangalie xz, programu ya kubana mafaili. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya liblzma, maktaba yake, kwenye matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1. OpenSSH, programu ya ssh yenyewe, haitumii liblzma. Wasambazaji kadhaa wa Linux, Debian na Fedora wakiwemo, walikuwa wameongeza kiraka ili sshd, upande wa seva wa OpenSSH, iiarifu systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwamba iko tayari. Kiraka kiliita libsystemd, libsystemd ikaita liblzma, na mlango ukafika kwenye sshd. Sasa, ile taarifa yenyewe ni nini? Ni maandishi `READY=1`, herufi saba, zinazotumwa kwenye soketi iliyotajwa na `NOTIFY_SOCKET`. Kwa herufi saba iliburutwa maktaba nzima na ukoo wake. OpenSSH 9.8 ya Julai 2024 ikaandika kipande hicho yenyewe, bila libsystemd.

Ila usichukue mfano huo ukaandika mwenyewe kila kitu. Usimbaji fiche, kufungua mafaili ya zip yanayotoka kwa watu, kuchambua HTML: hapo tumia kifurushi kinachotunzwa na wengi. Na kunakili msimbo wa kifurushi ndani ya mradi wako siyo kukitoa. Kimebaki, ila sasa vifaa vya kukagua mianya havikioni. Ukilazimika, nakili na leseni yake, na andika toleo na tarehe juu ya faili.

Unapopeleka badiliko kwa mtunzaji wa mradi wa wengine, usimwandikie kwamba mradi wake ni mzito. Mpe kifurushi kimoja kwa ombi moja, idadi ya mistari iliyobaki ikiita kifurushi hicho, `pip list` ya kabla na ya baada, na MB zilizopungua. Mtaje mtumiaji atakayeathirika kama yupo, kwa mfano wa Python ya zamani. Akikataa kukitoa kabisa, mwombe kihamie kwenye ziada: openpyxl ikae chini ya `[project.optional-dependencies]` kwa jina `excel`, na `import` yake iingie ndani ya fanksheni ya ripoti, pamoja na ujumbe unaomwambia mtumiaji aandike `pip install "mizani[excel]"`. Aliyeko Kalya anayeandika kilo tu hatakishusha. Kisha omba `deptry .` iendeshwe kwenye kila badiliko jipya linaloletwa, kwa sababu mchangiaji anayefuata atakuja na pandas mkononi.